Shikamoo ya Bi Mishi na Bi Kidawa

Hadithi hii aliyeisimulia kwanza ni Bi Sharifa, shangazi yake Rukia, mwaka 1984. Ilikuwa siku ya saba ya mtoto wa Rukia, wageni wamekaa mkekani wakingoja mtoto apewe jina, na jina halipatikani. Bi Sharifa alianza hivi, ingawa mambo yenyewe yalikuwa ya mwaka uliotangulia tu.

Hapo zamani, katika mashamba ya minazi karibu na Pangani, walikuwapo bibi wawili, watoto wa mtu na nduguye: Bi Mishi na Bi Kidawa. Walipendana, lakini hawakuamkiana. Mdogo ndiye anayesema shikamoo, na kila mmoja alijiona mkubwa. Basi Bi Mishi akimwona Bi Kidawa njiani hushikwa na kikohozi. Bi Kidawa naye huinama kutafuta kitu kilichoanguka, na hakuna kilichoanguka.

Watu walicheka tu, mpaka mjukuu wao Rukia alipochumbiwa. Katika ukoo ule bi harusi hapakwi singo, ile dawa ya manukato ya kusugulia mwili, mpaka mwanamke mkubwa kuliko wote ampake mafuta ya nazi utosini. Singo ikapondwa, mafuta yakapikwa, Rukia akakalishwa kitandani. Nani apake?

"Mimi," alisema Bi Mishi.

"Akipaka yeye, mimi siji harusini," alisema Bi Kidawa. "Na wanangu hawaji."

Harusi ikaahirishwa mara ya kwanza, ikaahirishwa mara ya pili. Upande wa bwana harusi ukatuma mtu. "Kama nyinyi hamumjui mkubwa wenu," alisema yule mjumbe, "sisi tunajua nyumba nyingine zenye wasichana."

Rukia alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Kisha akawaita binamu zake watatu waliokuwa likizo kutoka shule za bweni, akawaambia: "Nyinyi ndio wasomi. Nitafutieni ukweli. Atakayenikwamua, huyo ndiye atakayempa jina mtoto wangu wa kwanza."

Wa kwanza alikuwa Sefu, mpenzi wa historia. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza wazee, mmoja mmoja, ili asiwepo wa kuiga maneno ya mwenzake. Wote walisema jambo moja: wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza baba yake Bi Kidawa alichukuliwa upagazi, mkewe akiwa na mimba ya Kidawa. Kabla ya kuondoka alimbeba Mishi mchanga, akamwambia, "Nikirudi nitakukuta unatembea." Hakurudi.

Bi Kidawa akaambiwa. Habari ya mimba aliijua. Ya kubebwa kwa Mishi hakuwahi kuisikia.

"Basi mkubwa ni Bi Mishi," alisema Sefu.

"Ngoja kwanza," alisema Mwanahamisi, ambaye somo lake lilikuwa biolojia. "Mashahidi wako wote wanakula futari kwa Bi Mishi kila Ramadhani. Mnazi hauli futari kwa mtu."

Kwao mtoto akizaliwa, kitovu chake huzikwa na mnazi hupandwa juu yake. Kila kuti likianguka huacha kovu shinani. Mwanahamisi akafunga kanga kiunoni, akakwea mnazi wa Bi Mishi, akakwea wa Bi Kidawa, akihesabu makovu kwa vidole, wazee wakigeuza nyuso kwa haya. Akashuka, magoti yamechubuka. "Mnazi wa Bi Kidawa una makovu mengi zaidi. Mkubwa ni Bi Kidawa."

"Wa Bi Kidawa uko kando ya maji," alisema Sefu. "Umekua mbio."

Lakini Bi Mishi alikwenda kuutazama mnazi wake, akayahesabu makovu mara mbili.

Rukia akaona mambo yamezidi kuwa mabaya. Jana kila bibi alikuwa na hakika. Leo hakuna mwenye hakika, na mafuta yanaanza kuchacha.

Ndipo akaja Hatibu, mtu wa fasihi. Hakuuliza mtu, hakukwea mti. Alikaa kizingitini kwa kina Rukia, akaimba wimbo wa ukoo wa kubembeleza watoto, ambao Bi Mishi na Bi Kidawa waliimbiwa na bibi mzaa baba zao katika kitanda kimoja:

*Nyamaza Mishi, Kidawa kalala,*
*Nyamaza Kidawa, Mishi kalala,*
*Mkubwa wenu ni anyamazaye.*

Bi Mishi akaudakia kutoka chumbani. Bi Kidawa akaudakia kutoka uani. Walipofika mstari wa mwisho wote wakanyamaza, na kila mmoja akangoja mwenzake aendelee. Kisha wakatazamana, wakasema kwa pamoja: "Shikamoo!"

Hakuna aliyeitika marahaba. Walicheka mpaka wakashikana, na Rukia akapakwa mafuta na mikono miwili, mmoja wa Bi Mishi na mmoja wa Bi Kidawa.

Bi Sharifa alipomaliza, "Jina ni langu," alisema Hatibu pale mkekani.

"Lako kwa lipi?" alisema Mwanahamisi. "Umejua nini wewe? Umewachekesha bibi tu. Nani mkubwa, hujui mpaka leo! Mimi ndiye niliyemtoa Bi Mishi kwenye kiburi."

"Na Bi Kidawa kamtoa nani?" alisema Sefu. "Ungewaimbia kabla yetu, Hatibu, wangekurushia maji."

"Nyinyi mlitafuta nani alitangulia kuzaliwa," alisema Hatibu. "Rukia alitaka kuolewa."

Mpaka jua linatua siku ile ya saba walikuwa wakibishana, na mtoto, msichana, akaondoka na majina matatu: Sefu alimwita Mwanakombo, Mwanahamisi akamwita Shani, Hatibu akamwita Faraja.

Bi Sharifa amefariki. Bi Kidawa alitangulia, na Bi Mishi alisema hata huko mwenzake anataka awe mkubwa, kisha akamfuata. Sefu naye hatunaye. Mwanahamisi na Hatibu wapo, na wakikutana hubishana kabla hawajakaa. Rukia yupo. Binti yupo, mtu mzima sasa, na ukimwita kwa jina lolote katika yale matatu haitiki. Atakutazama kwanza, kisha akuulize: kati ya Sefu, Mwanahamisi na Hatibu, je, nani alistahili kunipa jina?