Kuku Aliyefuga Ndevu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa kuku mwenye ndevu na jogoo asiyewika. Sogeeni basi, wadogo mbele, wakubwa nyuma, tusikilizane.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Upandehuu, mvua ilinyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukafura, ukalizoa daraja, vwaa, likaenda na maji. Ng'ambo ya mto kulikuwa na soko. Huko Kuku aliuza mayai yake, akarudi na mtama wa vifaranga. Sasa vifaranga walilia njaa, chwi, chwi, chwi.

"Tukae tushauriane," akasema Ng'ombe.

Hata hawajakaa, puu, Korongo akatua. Korongo ni ndege wa nchi za baridi, na safari hii alikuwa mjumbe wa wafadhili.

"Poleni, wapendwa," akasema. "Wafadhili wangu wanalo daraja. Tena wameisoma hekima yenu. Si mnasema wenyewe, mfadhili mbuzi, binadamu atakuudhi? Basi tunafadhili mbuzi tu. Hapa mbuzi wangapi?"

Mbuzi alikuwa mmoja. Wanyama wakatazamana.

"Sote," akasema Punda.

"Hata huyo mwenye mdomo bapa?"

"Bata? Huyo ni mbuzi wa majini, mheshimiwa."

"Na wewe?"

"Mimi beberu."

Korongo akakohoa. "Neno hilo wafadhili wangu hawalipendi. Sema mbuzi dume."

Semina ikaanza. Asubuhi mee, mchana mee, jioni mee. Jogoo akaacha kuwika, kijiji kizima kikawa kinachelewa kuamka. Ng'ombe akatoa maziwa kidogo kidogo, kimbuzimbuzi. Kuku akajifunga ndevu za katani. Mbuzi naye, mbuzi wa kuzaliwa, akalia mee. Korongo akatikisa kichwa.

"Wewe dada, bado. Jifunze kwa Punda."

"Mama yangu alinifundisha hivi," akasema Mbuzi.

"Mama yako hakuhudhuria semina."

Siku ya ukaguzi ikafika. Wakapangwa ukingoni mwa mto. Daraja lilikuwepo, limekunjwa ndani ya sanduku. Kuku alikuwa amebana yai tangu alfajiri, maana mbuzi hatagi. Korongo akapita akisikiliza. Ng'ombe, mee. Bata, mee. Kuku akafungua mdomo.

"Mee... mee... kotkotkodaa."

Yai likadondoka, pu.

"Hiki nini?" akauliza Korongo.

"Kinyesi, mheshimiwa," Punda akadakia. "Jana alikula vizuri."

"Kama ni kinyesi, kiacheni."

Yai likaanza kubiringika. Biringi, biringi, kuelekea majini.

"Tulia, bibie," Punda akanong'ona. "Yai moja tu. Daraja lile pale."

Kuku akatazama daraja. Akatazama yai. Biringi, biringi. Mbawa zikafunguka zenyewe, parrr, ndevu zikaruka huku, yeye kule. Akalikumbatia yai ukingoni kabisa, mkia umeshalowa.

"Mimi ni kuku," akasema. "Na hili ni yai."

Korongo akafunga sanduku, akaruka na daraja lake.

Wote wakamgeukia Kuku. "Umetuponza," akasema Punda. "Haya, wanao watakula manyoya?"

Kuku akamwendea Ng'ombe. "Shangazi, wewe bado ni mbuzi?"

Ng'ombe akafikiri. Akatafuna, akafikiri tena.

"La, mwanangu. Mimi ni ng'ombe."

Akaingia mtoni, chubwi, chubwi, chubwi. Wakasubiri azame. Maji yakamfika magotini.

"Kumbe mimi ni mrefu," akasema, naye akashangaa. "Panda, Kuku. Soko halijafungwa."

Kuku akapanda mgongoni, yai chini ya bawa. Jioni ile vifaranga walikula mtama mpaka wakalala na mdomo wazi.

Mafunzo ni haya, wadogo kwa wakubwa. Anayetaka kukusaidia na aulize kwanza wewe ni nani. Nawe unayesaidiwa, usijigeuze mwingine ili upewe, maana unaweza kuzisahau hata nguvu ulizokuwa nazo.

Hadithi yangu imeishia hapo, mtoni. Mwenye swali akamuulize Ng'ombe. Yumo majini, anavusha watu.