Sekunde Nne za Bi Mwantumu

Sogeeni, wasikilizaji. Kisa changu ni kifupi, ila mwishoni kina mtego, na mimi mwenyewe umeninasa.

Jirani yangu Bi Mwantumu wa Korogwe alijaliwa watoto watatu. Mbaruku ni fundi simu. Hata iliyozama chooni huifufua. Hidaya ni mtu wa kompyuta, husoma namba kama sisi tunavyosoma gazeti. Chausiku, kitinda mimba, hana ufundi wowote, ila hafuti kitu. Simu yake imejaa ujumbe wa miaka sita.

Wote walimkosea mama yao. Mbaruku alimfokea mbele ya wageni. Hidaya aliolewa bila kumwambia. Chausiku aliacha kupokea simu zake. Mama akaugua, akafariki, na hakuna aliyekuwa amemwomba radhi.

Baada ya arobaini waliikuta simu yake chini ya godoro, imelowa maji ya paa bovu. Mbaruku aliifungua, akaikausha, akahamishia kumbukumbu yake kwenye simu nyingine. Humo mlikuwa na sauti moja tu, mama aliirekodi siku moja kabla ya kufa, hakumtumia mtu. Ikagoma kufunguka.

Hidaya alihangaika nayo wiki mbili. "Sauti hubanwa ili isijaze simu," aliwaeleza, "na maelekezo ya kuikunjua hukaa mwanzoni. Huku mwanzo umeharibika. Nitafutieni sauti nyingine nzima iliyorekodiwa na simu hii hii, niazime maelekezo yake."

Chausiku alikuwa nayo, ile aliyotumiwa na mama na hakuwahi kuijibu: "Chausiku, nipigie mwanangu, naumwa." Aliitoa huku analia.

Hidaya akaunga. Sekunde nne za kwanza zilibaki kelele tupu. Kisha mama akasikika: "...nimekusamehe, mwanangu. Usilete kitu, njoo tu."

Jina lilipotelea kwenye zile sekunde nne.

"Bila mimi mngeitupa simu," alisema Mbaruku. "Aliniambia mimi."

"Bila mimi ingekuwa kelele mpaka leo," alisema Hidaya.

"Lakini aliyekuwa akitafutwa ni mimi, dada," alisema Chausiku.

Wakaniita niwaamue. Nikawaambia wagawane. Chausiku akaniuliza, "Mjomba, wawili kati yetu wakiwa hawajasamehewa, wanagawana nini?" Nikachukua kofia yangu, nikaondoka. Mpaka leo najuta kwamba sikukaa nao hata kidogo.

Haya, nimewaachia ninyi. Wote watatu wameifufua sauti, na msamaha ni wa mmoja. Je, wewe ungempa nani, na wale wawili ungewaambia nini?