Beti za Katikati

Ndugu zangu, Mola atujaalie masikio yenye kusikia. Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba katika mji mmoja wa Waislamu palikuwa na baraza la shura lililokabidhiwa kuisimamia Baitulmali. Kila mwaka sehemu ya mali ile ya umma alilipwa mshairi, atunge utenzi wa kuwafunza watoto dini yao. Desturi ilikuwa kwanza ausome barazani, wajumbe wausikilize, ndipo waidhinishe.

Lakini wajumbe nao wana matumbo, jamani! Walizoea kusikiliza mwanzo na mwisho tu, kisha husema, "Mashaallah, alipwe," wakakimbilia pilau. Na tenzi zetu mnazijua: mwanzo ni kumhimidi Mola, mwisho ni dua. Nani angezikataa?

Mwaka mmoja aliingia barazani Shekhe Ghalibu, mcha Mungu asiye na haraka. Mshairi, yule yule wa miaka yote, alikuwa Mwenye Mbwarali, mzee kipofu. Alipomaliza kuhimidi akataka kurukia dua, Shekhe alimzuia kwa upole.

"La, baba. Tusomee na katikati."

Katikati hapakuwa na dini hata chembe. Palikuwa na sifa za liwali, mtawala wa mji, farasi wake na upanga wake, naye liwali ndiye aliyeziagiza kwa siri zisomwe mbele ya wageni wake. Mzee akikiri, riziki imekatika, na nyumbani ana mke aliyepooza. Na kudanganya aliweza! Kichwani alikuwa na beti tele za sala na funga, na hakuna aliyeshika karatasi. Angesoma hizo, wangemlipa, yangekwisha.

Akaleta istighfari, akamwomba Mola msamaha. Kisha akasoma yote kama yalivyo, farasi kwa upanga.

"Hiki ndicho mnachokilipia miaka yote, mabwana," akasema akilia. "Njaa ilinishinda. Chuoni kwa watoto haujafika hata ubeti mmoja."

Mjumbe mmoja akaruka: "Mwizi huyu! Afungwe!"

"Keti, ndugu yangu," akasema Shekhe Ghalibu, naye machozi yanamtoka. "Yeye amekiri. Sisi tumekula posho ya kusikiliza, na hatukusikiliza. Hukumu ianze kwetu."

Wajumbe wakainamisha vichwa, wakarudisha posho zao Baitulmali. Malipo ya mshairi nayo yakasitishwa, na liwali akamfungia mlango.

Alipofika nyumbani, mkewe, Bi Mwanashee, akamuuliza, "Sasa tutakula nini, mume wangu?"

"Wallahi sijui, mke wangu. Lakini leo nitasimama mbele ya Mola wangu bila kuona haya."

Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na kila kitu cha kupoteza, akasema kweli. Wajumbe hawakutakiwa kupoteza chochote ila muda wa kukaa na kusikiliza, na huo wakauonea choyo. Mola atusamehe sisi tunaoitikia "alipwe" kabla hatujasikia.