Majina Matano Yaliyofutwa na Makro

Sogeeni. Nina kesi ya watu watatu na mtamba mmoja wa ng'ombe, na mwenye mtamba bado ameshika kamba.

Katika skimu moja ya mpunga huko Usukumani walikuwapo Ndaki, Nyamizi na Lukelesha. Ndaki, mlinzi wa lango kuu la maji, alijaliwa mwili. Gunia la mpunga alilibeba kwa bega moja huku akipiga mluzi. Nyamizi, katibu wa kina mama, alijaliwa macho ya kuhesabu. Akipita msibani anakwambia waliokaa ni wangapi na nani hajaja. Lukelesha, karani, alijaliwa kompyuta. Shule aliishia kidato cha pili, lakini alijifundisha kuandika makro, yaani yale maagizo yanayowekwa ndani ya jedwali la kompyuta ili lijifanyie kazi lenyewe. Akibofya mara moja, orodha ya zamu za maji ya wiki nzima inajipanga na kutoka kwenye printa, tayari kubandikwa ubaoni. Alimshukuru Mungu kwa kipawa hicho, na alijivuna nacho pia, dhambi aliyoitubu kila Jumapili na kuirudia kila Jumatatu.

Skimu hiyo ilikuwa na sheria moja kali. Mwenyekiti aliyepita alizoea kuwachomeka shemeji zake kwenye orodha kwa kalamu, mpaka watu wakakatana mapanga mferejini. Tangu hapo wakakubaliana kwamba jina la kalamu halina maji. Lenye maji ni lile lililotoka kwenye mashine, basi.

Mwaka huo mvua iligoma. Mpunga ulikuwa unatoa masuke, na jaruba, yaani kitalu cha mpunga, likikosa zamu moja tu, ni makapi matupu.

Jumanne asubuhi Doto Masanja alifungua maji kuingia jaruba lake, kama alivyofanya kila Jumanne. Ndaki akatazama orodha. Zamu ya Jumanne haikuwa na jina hilo. Hakumuuliza mwenzake hata neno moja. Akapaza sauti: "Mwizi wa maji!"

Watu walikuja na majembe. Mpini wa kwanza ulimvunja Doto mtulinga, mfupa wa begani. Wa pili ulimpasua juu ya jicho. Alipoanguka walimkanyaga mbavu, na damu yake ikaingia mferejini, ikashuka na maji mpaka majaruba ya chini. Watu wa chini wakapanda kuuliza kuna nini. Walipoambiwa, nao wakaokota mawe.

"Tuzibe lango kwa huyu," alisema Kulwa Lusangija, jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto mikononi. "Si anapenda maji? Awe kizibo."

Doto hakujitetea. Alimtazama Ndaki kwa jicho lililobaki, akasema, "Ndaki, leo si Jumanne?"

Neno hilo lilimwingia Ndaki. Alijitupa juu ya Doto, akamfunika kama mtu anayefunika moto kwa gunia. Jembe lililokusudiwa kichwa cha Doto lilitua mkononi mwake, mfupa ukachomoza. Wakampiga mgongoni, wakampiga kisogoni, hakutoka.

"Muulizeni karani kwanza," alisema, mdomo umejaa tope. "Mkitaka kumuua kabla ya hapo, anzeni na mimi."

"Haya," alisema Kulwa. "Karatasi ikitoka na jina lake, tunamwachia. Isipotoka, tunawafukia wote wawili shimo moja."

Nyamizi, aliyekuwa ukingoni mwa mfereji, alikuwa ameshaanza kukimbia kwenda ofisini kwa karani.

Lukelesha alimpokea mlangoni, akafungua jedwali la zamu. "Mbona yumo? Doto Masanja, Alhamisi, jaruba la kumi na mbili."

"Huyo ni wa juu, karani. Anayepigwa ni wa jaruba la tisini na nne." Nyamizi aliteremsha kidole kwenye kioo, midomo ikihesabu. "Msimu uliopita tulikuwa mia mbili na kumi na nne. Hapa nawaona mia mbili na tisa." Alifumba macho, akawapitia watu kichwani, nyumba kwa nyumba. "Watano hawamo. Na wote watano, karani, wote ni akina Kulwa na Doto."

Hapo Lukelesha akalitambua kosa lake. Usukumani pacha wa kwanza huitwa Kulwa na wa pili Doto, kila nyumba, kila kijiji, na majina ya baba nayo hujirudia. Ijumaa iliyopita, kwa sababu wanachama wengine walijiandikisha mara mbili, aliongeza mstari mmoja kwenye makro: jina likijirudia, la pili lifutwe. Hakuujaribu. Alikuwa na haraka ya kuwaonyesha wageni wa wilaya jinsi orodha ilivyo safi. Yeye mwenyewe Msukuma, tena mjomba wa mapacha, akasahau.

Jiwe lilipasua dirisha. Kipande cha kioo kikamchana shavu. Nje kundi lililomfuata Nyamizi liliitaka kompyuta liivunjevunje kabla haijampikia mwizi karatasi. Nyamizi alisukuma kabati mlangoni, akaliegemea kwa mgongo huku mbao zikitikisika kwa mateke.

"Andika, karani. Mimi siwezi kuwashikilia hawa mpaka kesho."

Aliandika damu ikimdondokea vidoleni. Makro ikakwama, mstari mmoja ukageuka wa njano, alama ya kosa. Kwa woga alikuwa ameielekeza kwenye safu ileile ya majina. Alisema kimoyomoyo, Bwana, mkono huu ndio uliomfuta, usiuache sasa. Akaanza upya na rejista kamili ya wanachama: asifutwe mtu mpaka jina lake na namba ya jaruba lake vyote viwili vijirudie. Akabofya. Printa ikakohoa, ikatema karatasi.

Alitoka nayo akapita katikati ya majembe mpaka mferejini, akasoma. "Doto Masanja, jaruba la tisini na nne, Jumanne asubuhi." Watu wakanung'unika. Akaendelea na wanne waliobaki. Wa mwisho alikuwa "Kulwa Lusangija, jaruba la mia na tatu, Jumatano asubuhi."

"Mimi sijawahi kufutwa," alisema Kulwa. "Jina langu nimeliona ubaoni kwa macho yangu."

"Uliona la Kulwa Lusangija mwenzako, wa jaruba la thelathini," alisema Nyamizi. "Kesho ungefungua maji, baba, na sisi tungekuja na majembe."

Kulwa aliliacha jiwe likaanguka topeni.

Lukelesha angeweza kuondoka hapo na sifa zake. Mashine nani anaijua? Lakini alisema, "Kosa si la mashine. Mstari uliowafuta niliuandika mimi, na sikuujaribu." Shemeji yake Doto alimtandika fimbo ya mdomo, meno mawili yakatoka. Hakuinua mkono kujikinga.

Doto alipona, jicho moja likapotea. Alipotoka hospitali alileta mtamba wake ofisini. "Sina mwingine. Ni wa aliyeniokoa, mmoja. Nikimgawa vipande atakuwa kitoweo."

"Bila mkono huu wangemsomea maiti karatasi yao," alisema Ndaki.

"Na bila mimi karani angekuwa bado anamkodolea macho Doto wa juu," alisema Nyamizi. "Tena kelele ya mwizi aliipiga nani, Ndaki?"

"Niliipiga. Ndiyo maana nililala juu yake."

Lukelesha alisema kwamba aliyebomoa hadai ujira wa kujenga.

"Hapana, karani," alisema Doto. "Walitaka karatasi, na karatasi uliitoa wewe. Na kukiri mbele ya majembe nani alikulazimisha?"

Kwa kuwa alishazoea kusema mabaya yake, Lukelesha akasema, "Basi nami niseme kweli. Sina ng'ombe hata mmoja, na huyu namtamani tangu alipoingia."

Hakuna aliyecheka. Doto alinyoosha kamba mbele yao, asijue aielekeze wapi.

Nanyi mmesikia yote. Mmoja alilizuia jembe, na kelele ilikuwa yake. Mmoja aliliona kosa, na yeye hakuwa na kosa lolote. Mmoja alilirekebisha, na kosa lilikuwa lake, na alilikiri. Kamba hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani?