Kanga Aliyeuliza Amani ya Nani

Paukwa!

Pakawa!

Semeni tena, nisikie sauti moja moja. Siku hizi simwamini kila anayeitikia.

Hapo zamani, zamani sana, ndege wa bondeni walikuwa na shule. Mwalimu wao alikuwa Korongo, na somo lake lilikuwa Kiingereza.

"Kuna kijineno 'the'," alisema Korongo. "Ukitaja upendo tu, ule wa dunia nzima, uuache bila kijineno. Ukitaja upendo wa fulani kwa fulani, kiweke. Basi kabla hujaandika, jiulize: wa nani?"

Wote wakaandika, wakasahau. Kanga peke yake alirudi nyumbani na swali lile. Shoga yake Kwale alimcheka mpaka akashika mbavu.

Wakati huo wote wawili walikuwa wanaatamia mayai. Na desturi ya bonde ilikuwa hii: mgeni akishaambiwa karibu, hafukuzwi, hata afanye nini.

Siku ya kwanza akaja Mbweha. "Hodi, dada Kanga! Nimeleta amani."

"Amani ya nani na nani?"

"Aa, amani tu."

"Basi baki nayo huko huko nje."

Siku ya pili akaja tena. "Hodi, dada! Nimeleta upendo."

"Upendo wa nani kwa nani?"

Mbweha akameza mate. "Upendo tu, dada. Mbona una maswali hivyo?"

"Baki nao huko huko nje."

Siku ya tatu alikuja amejiandaa. "Hodi! Nimeleta usalama. Na kabla hujaniuliza, ni usalama wa mayai yako, dhidi ya mbweha!"

Kanga akafikiri. Akafikiri tena. "Bonde zima lina mbweha wangapi?"

Katika bonde zima, mbweha alikuwa yeye peke yake.

Akatoka hapo, akaenda moja kwa moja kwa Kwale. "Hodi! Nimeleta usalama."

"Ndiyo tulikuwa tunautaka! Karibu, karibu," akasema Kwale.

Kanga alipokwenda kumjulia hali shoga yake, alikuta maganda matupu. Mbweha alikuwa bado ameketi ndani, anajifuta mdomo, mgeni wa heshima.

"Alisema usalama," Kwale akalia. "Mimi nikajua ni wangu."

Basi, wasikilizaji wangu, mtu akikuletea neno zuri lisilo na mwenyewe, muulize ni la nani kabla hujamkaribisha.

Hadithi imekomea hapo. Utamu wake uchukueni, uongo wake niachieni mimi.