Kidole Kilichomgomea Nyani

Paukwa!
Pakawa!
Kuna mti!
Tupandishe!
Una mwenyewe!
Tumshushe!

Basi hapo kale palikuwa na mkuyu mmoja kando ya mto, na mkuyu ule ulikuwa wa wote. Ukaja mwaka wa kiangazi kikali. Kwingine kote matunda yakakauka, ya mkuyu yakaiva. Nyani akaja na mwili wake, akakaa shinani, akasema, "Kuanzia leo mti ni wangu." Aliyesogea alipigwa kofi, pwaa! Akisogea tena, kofi, pwaa!

Bi Tumbili alikula makofi mawili. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, na yule mdogo alikuwa ameacha hata kulia kwa jinsi njaa ilivyomchosha. Hilo lilimtisha Bi Tumbili kuliko kofi lolote. Akawaita wenzake pembeni, akawanong'oneza. Kisha akaenda kwa Nyani, akasimama mahali ambapo mkono wa Nyani haufiki.

"Shikamoo, Mzee Nyani."

"Marahaba. Tunda hupati."

"Sikuja kula, mzee. Nimekuja kukupa pole. Huko mtoni wanasema mkono wako haukutii."

"Nani kasema?"

"Watu tu. Wanasema kichwani, hapa juu ya sikio, ubongo una baraza lake la kuamuru misuli. Mgongo mzima umepewa kona ndogo ya kukaa. Vidole vimepewa mkeka mzima, ili kila kimoja kiletewe amri yake. Sasa ati barazani kwako hakuna utaratibu! Ukiita kimoja, vinakuja vyote. Ndiyo maana unajua kofi tu."

Nyani akavimba. "Nijaribu!"

"Haya, geukia huku, weka kiganja juu ya jiwe hili. Kunja kidole cha kati, kiingie chini ya kiganja. Vingine vinyooshe. Sasa inua kimoja kimoja. Ila usiondoe mkono kabla hujamaliza, mzee, wasije wakasema umeshindwa na kidole."

Nyani akaita gumba. Gumba likainuka, tip! Akaita cha shahada. Kikainuka, tip! Akaita cha mwisho. Kikainuka, tip! Akacheka. "Umeona? Haya, cha pete!"

Kimya.

"Cha pete, inuka!"

Kimya.

Nyani akakiinamia kidole. Akakitukana. Akakibembeleza. Jasho likamtoka, tiri tiri tiri. Nyuma yake Pimbi akapanda mkuyu, nyata nyata, tunda likaanguka, po! Kuchakuro akapanda, nyata nyata, po! Watoto wa Bi Tumbili wakapanda, mdogo kabebwa mgongoni, po, po, po!

"Nini hicho kinachodunda?" Nyani akauliza.

"Ni moyo wako, mzee. Umejitahidi mno. Kaza, kinakaribia!"

Nyani akakaza. Jua likapinduka. Bi Tumbili alikuwa akitetemeka kwa woga na kicheko kwa pamoja, mpaka aliposikia mwanawe mdogo akimpigia kaka yake kelele kwa ajili ya tunda. Hapo moyo ukatulia. Mtoto anayegombana ana nguvu.

"Mbona hiki hakisikii?" Nyani akalia.

"Kinasikia, mzee. Amri kutoka kichwani imefika. Lakini kano yake imeshikana na ya jirani, na jirani umemkunja. Kitaondokaje peke yake?"

"Basi inua cha kwako, nione!"

"Mimi? Mimi siwezi, mzee. Nani alikwambia naweza?"

Nyani akageuka. Mkuyu ulikuwa majani matupu. Akanyanyua mkono ampige Bi Tumbili kofi, kumbe mkono umekufa ganzi! Akaamuru gumba, akaamuru cha shahada, akaamuru vyote. Hakuna kilichoitika.

Ngano imefika mwisho. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia aniachie. Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akikalia chakula chenu, mheshimuni, mwacheni ale kwa raha, wala msimshughulishe hata kidogo.

Hamwamini kuhusu kidole? Wekeni viganja chini, kando ya sahani yenu ya mihogo. Kunjeni cha kati, inueni cha pete. Kaza, Mwanakombo, usitazame pembeni! Kaza!

Mihogo? Mihogo ipi? Nilidhani mmeshiba.