Koja la Matumba

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kajibu kama mgonjwa? Tena! Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Sogeeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichopenda maua ya asumini. Wakioana, asumini. Wakizaa, asumini. Na mtunga makoja wao, yale mashada ya maua ya kuvaa shingoni, alikuwa bibi mmoja, Mwana Tumu. Mgongo wake ulikuwa umepinda, lakini ulimi haukupinda.

Siku moja alikuwa anaolewa mjukuu wake, Mwanamize. Mume ni Shee, kijana wa kijiji cha wachonga milango, kule nyuma ya mlima. Walipendana hao, jamani! Alasiri wakaja watu wa bwana harusi na ngoma: pu! pu! pu! Mbele yao ami yake Shee, Mzee Shebwana, fundi mkuu wa nakshi. Huyo hasira zake hazikuwa mbali.

Sasa tegeni masikio, hapa ndipo penyewe. Kule kwao maua ni maneno. Kila mlango umechongwa ua, na kila ua lina maana yake. Ua lililochanua: karibu, nyumba ni yako. Tumba, yaani ua lililofumba: rudi ulikotoka, hapa hutakiwi. Hata mtoto wa kule alijua kulisoma.

Likaletwa sinia, limefunikwa kitambaa. Kitambaa kikaondolewa. Ndani mna koja la kumvisha Shee. Koja la asumini, yote matumba!

Ngoma ikanyamaza.

Mzee Shebwana akasimama. "Tumetembea na jua lote hili kuja kutukanwa?"

"Tumewatukana nini?" akauliza baba yake Mwanamize.

"Maua yenu yamefumba. Kwetu hilo ni tusi, limechongwa milangoni tangu enzi za babu zetu."

"Sisi ndivyo tunavyotunga, bwana. Yatachanua."

"Ua lililochumwa lichanue? Ua lililochumwa hufa. Shee, inuka, tunaondoka."

"Ami, tungoje kidogo," Shee akasema.

"Inuka, nimesema."

Nyuma ya pazia Mwanamize akaanza kulia. Ndoa yake inavunjika anaisikia, na kutoka hawezi.

Mwana Tumu hakubishana. Akachukua birika na bakuli, akajikokota, pole, pole, pole, mpaka mbele ya Mzee Shebwana.

"Mwanangu, umesema kweli, ua lina neno lake. Sasa lete mikono nikunawishe, una vumbi la njia."

Mkono wa mkongwe haurudishwi. Akanyoosha mikono, maji yakamwagika, chururu! Lo, kanaswa! Maana kwao na kwetu, mgeni aliyenawa haondoki hajala. Akakaa, kanuna.

Jua likashuka. Semeni nami:

Asumini, asumini, una neno gani?

Asumini kimya.

"Bibi, wali uko wapi?"

"Unakuja, mwanangu. Uko njiani."

Njia gani, na jiko liko hapo nyuma ya ukuta! Ikaja tende moja. Ikaja ya pili. Jua likashuka.

Asumini, asumini, una neno gani?

Asumini kimya.

"Bibi, wali?"

"Unapakuliwa."

Jua likagusa mlima. Wali ukaja. Mzee Shebwana akala tonge la kwanza, huku miguu yake inawasha kuondoka. Akala la pili. Akala la tatu. Jua likazama, tumbwi!

Mara harufu. Ikaingia puani kwa watu wote.

"Ami," Shee akasema, "tazama sinia."

Tumba moja likafunguka. Likafuata jingine. Na jingine, na jingine, na jingine! Sinia zima likawa jeupe, kama limemwagiwa maziwa. Mzee Shebwana kashika tonge mkononi, kalisahau.

"Mama," akamwambia Mwana Tumu, "ua hili lilikuwa linasema nini wakati ule limefumba?"

"Lilikuwa linasema ngoja."

Mzee Shebwana akacheka mpaka machozi. Akanawa, akamvisha Shee koja kwa mikono yake mwenyewe. Ngoma ikarudi: pu! pu! pu! Vigelegele! Mwanamize kaolewa!

Mzee Shebwana akawachongea mlango mpya: huku tumba, huku ua lililochanua. Watu wa kwao wakaja kuutazama.

"Fundi, umeandika nini hapa?"

"Nimeandika, kaa ule kwanza."

Miaka ikapita. Mwana Tumu alipofariki, alizikwa alasiri. Watu wa vijiji viwili wakatandaza matumba ya asumini juu ya kaburi. Dua ikaisha, na hakuna aliyeondoka. Mzee Shebwana, naye sasa mkongwe, akaketi mchangani akangoja. Wote wakangoja naye, mpaka maua yakachanua.

Basi, wenzangu, usimsome mtu akiwa bado amefumba, ukadhani umemmaliza. Mvumilie kidogo.

Hadithi yangu imetua hapo. Tamu yake gawaneni; chungu yake nirudishieni mwenyewe.